Taa Niliyoing'oa Redioni

Shangazi yangu Mwanaidi aliponiambia niing'oe taa moja kwenye redio ya baba, nilipaswa kukataa. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mtoto wa siku zile hakuwa na mazoea ya kumkatalia mtu mzima, lakini hayo nayasema kama maelezo tu, si udhuru. Neno "sitaki" nilikuwa nalijua vizuri. Nililitumia kila nilipoitwa kuoga.

Yamenirudia haya kwa sababu ya harufu. Juzi nilipita Usagara kumwona mjukuu wangu, nikakuta kijana kafungua duka la vitu vya kale, anazikusanya redio za mbao walizoacha wazee, anazipaka vanishi na kuzipeleka mahotelini ziwe mapambo. Moja alikuwa ameiwasha kuijaribu. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa harufu ile: vumbi linaloungua taratibu juu ya kioo cha moto, mbao inayopata joto, na kitu kingine kama nta. Nilishika mwimo wa mlango. Kijana akaniuliza, "Mzee, vipi? Nikuletee kiti?" Akaniletea. Nilikaa, nikaitazama redio ikijikusanya kabla ya kusema, maana redio zile hazikuwa na haraka, na kabla haijatoa sauti nikamwomba aizime. Aliizima bila kuniuliza sababu, nami nashukuru.

Kwa vijana watakaosoma haya, niseme kwamba kabla ya transista redio ilikuwa na taa ndani yake. Hazikuwa za kumulika. Zilikuwa vichupa vya kioo vyenye miguu ya chuma, vinachomekwa kwenye matundu yake, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Taa moja ilipokea sauti kutoka hewani, nyingine ikaisafisha, na ya mwisho ikaisukuma mpaka kwenye spika. Ukiing'oa hiyo ya mwisho, redio inawaka kama kawaida, namba zinang'aa, lakini haisemi neno.

Mimi nilijua hayo kwa sababu baba yangu alikuwa fundi mitambo. Redio za majirani alizitengeneza siku zake za mapumziko, lakini kazi yake hasa ilikuwa kwenye kituo cha kurushia matangazo, nje ya mji, penye mnara. Sauti ilikuja pale kutoka studio, ikapewa nguvu, ikatupwa hewani ifike Pangani, Muheza, hata Amani huko milimani. Baba alikaa mbele ya mita na kuangalia mshale. Mshale ukipanda mno, sauti inakwaruza na mtambo unaweza kuungua. Ukilala, watu wa mbali hawasikii kitu. Mkono wake haukutoka kwenye kitasa cha kupandisha na kushusha sauti. Aliniambia kwamba fundi mzuri hasikilizi maneno, kwani akianza kuyasikiliza, akili inafuata habari na macho yanausahau mshale.

"Sie tunapitisha tu," alisema. "Kusikiliza ni kazi ya wenye redio."

Mazoea hayo ndiyo yaliyomgombanisha na kaka yake, ami Bakari wa Pangani. Bibi, mama yao, alipofariki, ami alipeleka tangazo la msiba redioni. Likasomwa mchana, na mchana ule baba alikuwa zamu. Jina la mama yake mzazi lilipita chini ya mkono wake, na jina lake mwenyewe, na saa ya maziko, naye macho yake yalikuwa kwenye mshale. Mji mzima ulisikia. Baba alirudi jioni, akakuta viatu vimejaa mlangoni kwetu, akauliza, "Nani kafa?" Pangani walikuwa wamemsubiri mpaka alasiri, kisha wakazika.

Ami Bakari hakukubali. Nilikuwapo siku ya hitima ya bibi, nimekaa mkekani nikila, nikamsikia akisema mbele za watu, "Tangazo umelirusha wewe kwa mkono wako, halafu useme hukulisikia?"

"Wallahi sikulisikia, kaka."

"Usiape, bwana. Sema ulikuwa na kazi, nitakuelewa. Lakini usinifanye mtoto."

Tangu pale hawakusemezana. Watu walisuluhisha, wakachoka. Baba hakudai kusamehewa, maana alisema hakuna kosa. Alitaka aaminiwe. Kila mtu wa Pangani aliyepita kwetu alimweleza upya juu ya mshale na kitasa, na sisi watoto tukakonyezana, kwa kuwa hadithi ile tuliijua kwa moyo.

Kisha baba akaugua moyo. Daktari alisema alale, asipande ngazi, asishtuliwe. Alilazwa chumba cha mbele, na redio yetu kubwa ilikaa ukumbini, nyuma ya pazia, mgongo wake ukiwa umeelekea ukutani. Aliisikia lakini hakuiona. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa anasikiliza maneno, kutwa nzima: habari, mashairi, mawaidha, salamu za wagonjwa. "Kumbe yana utamu," alisema. "Miaka yote hii nawapitishia watu chakula, mie mwenyewe sijaonja."

Nikawa namkalia karibu kila nitokapo shule, akinifundisha. Siku moja nilimwuliza sauti ikishatoka redioni inakwenda wapi. Akaniambia kwamba sauti ikisharushwa haikatiki. Inakwenda tu angani, inazidi kuwa ndogo, lakini inakwenda.

"Mpaka lini?"

"Hakuna mpaka wake, mwanangu."

"Hata tangazo la bibi?"

"Hata hilo," akasema. "Liko njiani bado."

Neno hilo nililiweka moyoni jinsi nilivyolielewa mimi.

Asubuhi moja alikuja mtu kutoka Pangani, akamkuta shangazi uani akipepeta mchele. Shangazi alikuwa mdogo wao wa mwisho, dada wa baba na wa ami Bakari, na alikuwa amehamia kwetu kumuuguza kaka yake. Mtu yule alisema maneno machache. Shangazi hakulia. Aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yakamtetemeka. Mama alitoka jikoni, wakanong'onezana, mama akarudi jikoni akifuta macho. Kisha shangazi akaniita.

"Saidi, si wewe ndiye fundi mdogo wa babaako?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nikitaka ile redio isiseme, lakini ionekane imeharibika yenyewe, nifanyeje?"

Ilinipendeza kuulizwa. Nikamweleza juu ya taa ya mwisho, kama baba alivyonieleza mimi.

"Iondoe."

"Baba atakasirika."

Akanishika mabega, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "Ami yako Bakari amefariki alfajiri. Tumbo lilimshika ghafla. Tangazo litasomwa leo saa kumi. Babaako akilisikia, litamuua. Unanifahamu? Litamuua."

Mtu mzima angejua shangazi alikuwa na maana gani. Mimi nilielewa kwamba tangazo lile, kwa nguvu zake lenyewe, lingetoka kwenye spika na kumuua baba kitandani. Nikaenda. Baba alikuwa amepitiwa na usingizi baada ya chakula. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikaweka mkono mmoja mgongoni kama alivyonifundisha, maana umeme ukikukamata mikono yote miwili unapita kifuani, nikaing'oa taa ile. Niliifunga kwa kitambaa, nikaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikaliweka juu ya rafu ya stoo.

Saa kumi baba aliita, "Saidi, washa, matangazo hayo."

Niliwasha. Namba ziling'aa. Tukasubiri, yeye ndani, mimi nje ya pazia.

"Mbona kimya?"

"Imekufa, baba."

"Redio haifi, mwanangu. Inaumwa. Kesho tutautafuta ugonjwa wake."

Shangazi na mama waliondoka kwenda mazikoni. Baba aliambiwa kuna arusi Pangani, ya binti wa rafiki wa shangazi. Nakumbuka shangazi aliingia kumuaga amevaa kanga mpya, na wanja machoni, ili aaminiwe. "Nikuletee nini, kaka?" "Niletee pilau ya arusi," baba akasema, "na umwangalie Bakari kwa mbali, uniambie kama kanenepa." Shangazi alicheka. Alipofika uani alikaa chini kwenye mchanga na kanga ile mpya, dada zangu wakamwinua.

Alirudi baada ya hitima na bakuli la pilau. Ilikuwa pilau ya msiba wa ndugu yake, na baba aliila akiisifu arusi.

"Na Bakari?"

"Sikumwona, kaka. Watu walikuwa wengi."

Hapo ndipo uongo wa shangazi ulipotakiwa ukome. Alinivuta pembeni jioni ile akaniambia, "Haya, irudishe taa. Tangazo limeshapita, na majirani nimewasihi wote wafunge midomo." Alichoniomba yeye kilikuwa siku chache tu. Zilizofuata niliziongeza mimi.

Maana mimi nilijua jambo ambalo shangazi hakulijua. Baba mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba sauti ikisharushwa haikatiki, na kwamba tangazo la bibi bado lilikuwa njiani. Basi la ami Bakari nalo lilikuwa juu yetu, linazunguka, linasubiri redio yetu iwashwe. Nikiirudisha taa, litaingia. Na likiingia, litamuua baba. Nikamwambia shangazi, "Nimesharudisha. Haisemi tu."

"Haisemi?"

"Labda imeharibika kweli."

Akashusha pumzi. "Basi ndivyo Mungu alivyotaka," akasema, akaenda zake.

Siku zilizofuata baba alinifundisha kazi kuliko wakati wowote mwingine, na masomo yote yalikuwa juu ya ugonjwa nilioutia mimi. Yeye alilala chumbani, mimi nikawa nyuma ya redio na bisibisi, tukizungumza kupitia pazia.

"Iwashe. Weka sikio kwenye spika. Unasikia mvumo, hata mdogo?"

"Sisikii." Hilo lilikuwa kweli.

"Angalia taa, moja moja. Zinawaka?"

"Zinawaka."

"Ile ya mwisho, kubwa?"

Nilikuwa natazama tundu tupu. "Inawaka."

"Iguse kwa ncha ya kidole. Ina moto?"

"Ina moto, baba."

"Mkono wa pili uko wapi?"

"Mgongoni."

"Ndiyo mwanangu huyo."

Akaniambia nizime, nichukue jiwe la tochi, yaani betri, na nyaya mbili, niguse miguu ya spika. Niligusa, ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayetafuna karafuu. Baba aliusikia kitandani. "Spika nzima!" alisema kwa furaha. Kesho yake tukajaribu transfoma, nayo ikalia. Keshokutwa alinitaka niangalie kila waya, nami niliangalia kwa uaminifu kabisa, maana nyaya hazikuwa na siri. Kila tulipopata kitu kizima, furaha yake ilipungua. Siku ya mwisho ya kupekua alikaa kimya kwa muda mrefu, hata nikafunua pazia nione kama amelala. Alikuwa macho, anautazama mkono wake.

"Haiwezekani," alisema. "Taa zote zinawaka, spika nzima, transfoma nzima, na haina hata mvumo. Ama nimeisahau kazi, Saidi, ama akili ndiyo inaanza kuondoka."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilishusha pazia.

Yapata siku ya tisa tangu niing'oe taa, alikuja kumwona mwenzake wa kituoni, Bwana Mhina, mtu wa Muheza, na kapu la machungwa. Walikuwa watani wakubwa. Yeye ndiye aliyeachiwa zamu za baba, na kwa kuwa alikaa mbali nasi hakuwa na habari ya msiba wa Pangani.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, fundi. Huyu mzee wako bado anajilaza tu? Mdigo akipata kitanda hakiachi."

"Na Mbondei akipata zamu ya mwenziwe hairudishi," baba akajibu, na nikafurahi kumsikia anacheka.

Mhina alimenya chungwa, akasema kama jambo dogo, "Mmepatana na kaka yako, naona. Nasema alhamdulillahi pamoja nawe, ingawa mie wa kanisani."

"Nani kasema?"

"Si jana, kwenye salamu za wagonjwa? Bakari wa Pangani anamsalimu mdogo wake, fundi mitambo. Usiniambie hukusikia."

Nilikuwa mlangoni na sahani ya maganda. Kadi za salamu siku zile zilikuwa nyingi, zikikaa foleni wiki nzima na zaidi kabla ya kusomwa. Ami alikuwa ameiandika aliposikia baba anaumwa. Yeye ameshazikwa, kadi yake ndiyo kwanza inafika.

Baba alijiinua kwa kiwiko. "Bakari? Kasema nini?"

"Salamu, bwana. Pole."

"Maneno yake, Mhina. Kasema nini?"

Mhina akaona aibu. "Nilisikia jina lako nikainua kichwa. Halafu yule mtangazaji akakohoa kwenye maikrofoni, mshale ukaruka, nikashika kitasa. Nilipotulia, kashamaliza. Maneno yalikuwa mengi kidogo, hilo nakumbuka. Lakini wewe waijua kazi yetu."

Baba alimtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikujua ni ya kicheko au ya nini. "Naijua," alisema. "Ah, naijua. Na mie redio yangu imekufa."

"Hebu niione basi." Mhina akanyanyuka, akafuta mikono kwa leso.

Alikuwa ameshashika pazia. Angezunguka nyuma ya redio ile, angeliona tundu tupu kabla hata ya kuinama.

"Acha, keti," baba akamwambia. "Mwanangu keshaikagua yote. Taa ameziona, amezigusa kwa mkono wake. Akisema inawaka, inawaka. Wewe hutaona zaidi ya alichokiona yeye."

Mhina akanitazama kwa heshima, mtu mzima akimheshimu fundi mwenzake. Akaketi, akamaliza chungwa lake, na baadaye akaenda kuwahi basi la Muheza.

Alipotoka tu baba akamwita shangazi. "Mwiteni Bakari. Mwambieni nimepata salamu zake, sikuzisikia vizuri, aje anisemee mwenyewe." Shangazi alisema, "Tutamwita, kaka." Nilimfuata jikoni. Alimwambia mama, "Tumwambie kweli," na mama akasema, "Daktari je?" Mwishowe walikubaliana kumwambia kwamba mtu ametumwa.

Mimi nilikimbilia stoo. Sijui kama wakati ule nilikuwa nimeacha kuogopa tangazo, au nilikuwa naogopa kitu kingine zaidi. Nilitaka tu taa irudi mahali pake, ili kama salamu zile nazo zilikuwa bado zinazunguka, baba azisikie. Kopo halikuwa juu ya rafu. Mtu alikuwa amehamisha magunia, likaanguka, likakaa nyuma ya mkaa. Nilifungua kitambaa. Kwenye kichwa cha taa ile palikuwa na rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Sasa pamegeuka kama maziwa. Baba alikuwa ameshanionyesha taa ya namna hiyo. Ikipata ufa, hata usioonekana, hewa inaingia, kile kioo kinakuwa cheupe, na taa imekwisha. Taa haiwi hivyo ikiwa mahali pake redioni. Inakuwa hivyo ikiangushwa. Baba angeitazama mara moja tu, akajua kila kitu. Niliifukia kwenye mkaa.

Baba alimsubiri kaka yake siku mbili. Kila mlango ulipolia aliinua kichwa. Siku ya tatu alimwambia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asitumwe mtu tena. Salamu za redioni zinasikiwa na watu wote. Labda alitaka watu wasikie kwamba amenisalimu. Angekuwa ananiamini, angekuja." Baba akageukia ukutani, na tangu hapo hakuuliza juu ya mlango.

Kesho yake asubuhi hali yake ilibadilika, wakatuita watoto tuingie kumtaka radhi. Kwetu pwani hilo halicheleweshwi, maana mtoto akikosa radhi za mzazi hana pa kwenda kuzitafuta. Dada zangu waliingia mmoja mmoja, wakambusu mkono, naye akawaambia, "Radhi zangu mnazo." Kisha nikaingia mimi.

Alikuwa mwepesi, na macho yake makubwa. Aliniashiria nikae.

"Nimefikiri," alisema polepole. "Spika nzima, transfoma nzima, umeme upo. Linabaki jambo moja tu. Ile taa ya mwisho, mwanangu. Uliigusa kweli?"

Alikuwa amefika. Kwa akili yake, kitandani, bila kuona, alikuwa ameufuata ugonjwa hatua kwa hatua mpaka mahali pake, na kilichobaki ni mimi kusema. Hakuwa amekasirika. Nadhani alikuwa anafungua mlango niingie. Shangazi alisimama upande wa kichwa chake, akinitazama. Nilijua nikisema kweli, swali la pili litakuwa kwa nini, na jibu la swali hilo ni msiba wa ami.

"Niliigusa, baba."

"Ilikuwa na moto?"

"Ilikuwa na moto."

Alinitazama kwa muda. Kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Haya," alisema. "Kwa kadiri ulivyonisemea kweli, radhi zangu ziwe juu yako."

Alifariki kabla ya adhuhuri.

Mama alipotoka eda, mke wa ami Bakari akiwa ameshatoka yake, tulikwenda Pangani kumpa pole naye atupe yetu. Alitukaribisha, akatupa kahawa na visheti, akamwuliza mama kama marehemu baba alizisikia salamu. "Kadi niliiandika mimi," alisema, "yeye akisema. Alinifanya niifute mara tatu." Akatusomea kwa moyo: "Mdogo wangu, nimekaa nikafikiri. Kama ulisema hukusikia, basi hukusikia. Nakuamini. Ukipata nafuu njoo, na mie nikipata nafasi nitakuja." Mama alimwambia kwamba alizisikia, na kwamba zilimfurahisha sana. Ulikuwa uongo mwingine, na safari hii hakuna aliyenituma kuusema, wala kuukanusha.

Sikuwa fundi. Vifaa vya baba alipewa Bwana Mhina, nami nikamaliza shule, nikawa karani kwenye shamba la mkonge mpaka nilipostaafu. Shangazi Mwanaidi simlaumu. Alikuwa amefiwa na ndugu mmoja, akajaribu kumwokoa wa pili kwa njia aliyoiona, na alikufa akidhani kwamba redio ile iliharibika yenyewe. Mama naye alikwenda bila kujua. Nimewaza mara nyingi kwamba ningesema kweli siku ile ya mwisho, huenda moyo wa baba ungesimama hapo hapo, kama daktari alivyoogopa. Ulisimama vilevile, saa chache baadaye.

Neno alilolisubiri baba yangu miaka yote, kwamba nduguye anamwamini, lilisomwa hewani akiwa hai na masikio yake mazima, nami nilikuwa nimeizima redio. Alikufa akiamini kwamba hakuaminiwa. Na mimi alinipa radhi kwa kadiri ya kweli niliyomwambia, nami nilikuwa nimemwambia uongo. Nimeoa, nimezaa, nimezika mke, nimezeeka, na muda wote huo sina radhi za baba yangu.